Maji Moto ya Bogoria na Majina Yake

1. Juu ya neno lenyewe

Msomaji akiitazama ramani ya Afrika ya Mashariki, na kupitisha kidole juu yake tokea Ziwa Tanganyika hata mpaka wa Ethiopia, atakuta jina moja likirudiwa mara kwa mara, nalo ni Maji Moto. Kwetu katika mkoa wa Mara iko Majimoto ya Wangoreme, katika wilaya ya Serengeti. Iko Majimoto nyingine huko Mpimbwe, mkoani Katavi. Yako maji moto karibu na Ziwa Manyara, na mengine tena katika nchi ya Wamasai upande wa Narok, Kenya. Hapa neno “moto” limekuwa sifa isiyofuata ngeli; twasema maji moto, uji moto, chakula moto, nalo halibadiliki.

Lakini yako mambo mawili ya kuangaliwa katika jina hili. La kwanza ni kwamba watu wengi huchanganya “moto” na “kuchemka”. Huko Kikuletwa, katika wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, iko chemchemi iitwayo Chemka. Mgeni aliyesikia jina hilo huiendea kwa hofu, akidhani atababuka ngozi. Afikapo huona vijana wakiogelea humo mchana kutwa, maana maji yale si ya kuunguza hata kidogo. Jina si la uongo, kwa kuwa kuchemka kwaweza kuwa kutokota kwa sababu ya moto, na kwaweza pia kuwa kububujika tu kwa maji yatokayo chini kwa nguvu. Jicho laona mapovu yakipanda, ulimi ukasema “yachemka”, wala mkono haukuulizwa.

La pili ndilo kubwa zaidi. Majina haya yote ni ya Kiswahili, hata katika nchi ambazo wenyeji wake hawakuwa wasemaji wa Kiswahili tangu zamani. Ni majina ya msafiri. Msafiri hufika amechoka, hutia kidole majini, hukitoa upesi, husema “maji moto”, kisha hufunga mizigo yake na kwenda zake. Jina hilo laeleza habari za kidole chake. Halielezi maji ni ya nani, wala huheshimiwaje, wala ni watu gani waliotahiriwa na kuombewa kando yake. Tulikuwa hatujalifikiri sana jambo hili mpaka tulipokwenda kuyatazama maji ya Bogoria. Na habari za maji hayo ndizo tunazotaka kueleza hapa, kwa sababu zina fundisho juu ya majina, na juu ya watu wenye majina.

2. Safari

Tulitoka Kitaji, hapa Musoma, alfajiri, tukavuka mpaka wa Sirari, tukapita Kisii na mashamba ya chai ya Kericho, hata tukalala Nakuru. Siku ya pili tukashika njia ya kaskazini. Hapo nchi huanza kushuka. Nakuru uko juu ya bahari mita 1,850 hivi. Ziwa Bogoria liko chini ya mita 1,000. Katika mwendo wa saa mbili mtu huvua kwanza koti, kisha sweta, na afikapo Mogotio, mahali inapopita ikweta, huanza kutafuta maji ya kunywa. Mashamba ya mahindi hukoma. Badala yake huja migunga, mawe meusi ya volkano, vichuguu virefu na mbuzi wanaosimama kwa miguu miwili kuchuma majani. Karibu na Marigat njia huacha barabara kuu na kuelekea Loboi, ambako ndiko mlango wa ziwa.

Mmoja wetu alisema, “Kumbe twaenda jangwani.” Neno hilo lilionekana kuwa kweli wakati ule, maana ilikuwa kiangazi na vumbi lilitufuata kama mkia. Hapa chini msomaji ataona kwamba lilikuwa neno la haraka.

Ziwa lenyewe ni jembamba na refu, urefu wake kilomita 17 hivi, limelala chini ya ukuta mrefu wa milima upande wa mashariki. Maji yake ni ya magadi makali, hayanyweki, wala samaki hawakai humo. Lakini vijani vidogo sana huota ndani yake kwa wingi, navyo ni chakula cha heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye shingo ndefu. Mara nyingine hukusanyika maelfu kwa maelfu, hata ukingo wa ziwa waonekana kama umetandikwa khanga.

Upande wa magharibi, mahali paitwapo Loburu, mtu husikia kabla ya kuona. Sauti yake ni kama ya vyungu vingi vya arusi vilivyoinjikwa pamoja. Kisha huona mvuke, na harufu ya kiberiti humjia puani. Maji hutoka katika matundu ya mwamba yakitokota kweli kweli. Mengine hutulia, kisha huruka juu ghafula kupita kimo cha mtu, huanguka, hutulia tena. Kutoka hapo hutiririka ziwani katika vijito vyembamba ambavyo kingo zake zimepakwa rangi ya manjano, kijani na kahawia. Ardhi ya mahali hapo haiaminiki. Juu ni gamba gumu jeupe, chini yake pengine ni shimo la maji ya kutokota, na gamba lenyewe laweza kuwa jembamba kama ukoko wa wali.

Aliyetuongoza alikuwa mzee wa nchi ile, Mwendorois. Tulimwamkia kwa desturi yetu, “Shikamoo, mzee.” Alicheka, akasema, “Hiyo ni salamu ya Tanzania. Karibuni, wageni.” Kisha akatuagiza, “Kanyageni nilipokanyaga mimi.” Tukaenda nyuma yake mmoja mmoja, kama watoto wanaokwenda kisimani. Wageni wengine walikuwa wameleta mayai, wakayatia katika kijito kwa kikapu. Baada ya dakika kumi yalikuwa yameiva. Yule mzee aliwatazama kwa upole, asiseme neno.

Tulipokaa kivulini alituuliza, “Na huko kwenu, yako maji kama haya?”

Tukajibu kwa fahari, “Yako, mzee. Huitwa Majimoto.”

Akauliza tena, “Hilo ni la Kiswahili. Wenyewe huyaitaje?”

Tukanyamaza. Sisi ni watu wa ukingo wa Nyanza, na Ungoreme si mbali na kwetu. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza.

3. Sababu ya moto huo

Wajuzi wa miamba hueleza hivi. Bonde la Ufa ni mahali ambapo gamba la dunia linavutwa pande mbili, upande wa mashariki na upande wa magharibi. Livutwapo hupasuka katika mistari mirefu, na kipande cha katikati hushuka. Chini ya kipande hicho mwamba wa moto hukaribia juu kuliko mahali pengine. Mvua inyeshayo juu ya milima huingia katika nyufa, hushuka chini sana, hupashwa moto, kisha husukumwa kupanda tena kwa nyufa nyingine, ikibeba chumvi na magadi iliyoyayeyusha njiani. Ndiyo sababu chemchemi hizi hufuata mistari ya nyufa, wala hazitokei ovyo.

Joto la chemchemi kali za Bogoria hukaribia 97 kwa kipimo cha sentigredi. Mtu atauliza, kwa nini si 100, na maji yanatokota? Jibu ni kwamba maji hutokota kwa joto dogo zaidi kadiri mtu apandavyo juu, kwa kuwa uzito wa hewa hupungua. Katika kimo cha mita 1,000 hivi, kiasi hicho chatosha. Basi aonaye maji ya Loburu ameona maji yaliyofika ukomo wake. Hayawezi kuwa moto zaidi bila kugeuka mvuke.

4. Masimulizi ya Waendorois

Waendorois ni wafugaji, nao husema lugha iliyo katika jamii ya Kikalenjin. Husimulia kwamba mkubwa wao wa kale, Dorios, alishuka kutoka mbinguni akakaa katika msitu wa Mochongoi, ulioko juu ya milima. Wazao wake wakaneemeka, neema ikawa anasa, anasa ikawa ufisadi. Ndipo ardhi ikafunguka kuwa adhabu, ikawameza, na mahali walipozama pakawa ziwa. Waliopo leo ni uzao wa jamaa zilizosalimika. Husadiki kwamba roho za Waendorois wote, hata wakizikwa mbali namna gani, hukaa ziwani. Na kila mwaka hukumbuka kwa ibada ile ghadhabu iliyofanya ziwa liwepo. Kando ya maji hayo ndiko walikoomba, na ndiko walikofanya mambo ya tohara na ya sherehe zao.

Tumeambiwa na wengine kwamba hizo ni ngano tu. Sisi twaona tofauti. Mjuzi wa miamba asema sakafu ya bonde ilipasuka ikashuka; mzee wa Kiendorois asema ardhi ilifunguka ikazama. Hao wawili hawakukaa shule moja, tena wameafikiana juu ya tendo lenyewe. Wanatofautiana juu ya sababu, na juu ya hesabu ya miaka.

Tena, ile nchi tuliyoiita jangwa wenyewe hawakuiita hivyo. Wakati wa mvua walichunga katika tambarare za ziwani, penye majani na penye chumvi ya kulambwa na ng’ombe, ambayo huwatia afya. Kiangazi kilipokaza walipandisha mifugo hata msitu wa Mochongoi. Ziwa na msitu vilikuwa kama vyumba viwili vya nyumba moja. Mgeni ajaye kiangazi huona chumba kimoja tu kimefungwa, akasema nyumba haina mtu.

5. Jina la askofu

Katika ramani za zamani ziwa hili haliitwi Bogoria. Laitwa Ziwa Hannington. Jina hilo ni la James Hannington, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1847. Safari yake ya kwanza katika Afrika ilikuwa mwaka 1882. Alitoka Unguja akafika pwani ya kusini ya Nyanza, akaugua sana, akarudi kwao mwaka 1883. Mwaka 1884 akafanywa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa nchi hizi za ikweta upande wa mashariki. Mwezi wa Julai 1885 alitoka pwani ya Mombasa na msafara mkubwa, akashika njia ya Umasaini ili afike Uganda kwa upande wa mashariki. Njia hiyo ndiyo iliyomponza, maana Waganda walimwogopa sana ajaye kwa upande wa Busoga, wakisema atakayeila nchi yao atatoka huko. Kwa amri ya Kabaka Mwanga alikamatwa, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885 pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Kwa kuwa alipita pande za ziwa hili katika safari ile ya mwisho, Wazungu waliokuja baadaye waliliita kwa jina lake. Mwaka 1893 akapita huko J. W. Gregory, mjuzi wa miamba, ambaye kitabu chake cha mwaka 1896 kiliipa dunia jina la Bonde la Ufa. Jina la Hannington likaandikwa katika ramani, na kilichoandikwa katika ramani hupata nguvu kama ya hati.

Hatusemi haya kumlaumu marehemu. Hakujipa ziwa mwenyewe. Alipewa na walio hai, kama mtu apandikiwavyo mti juu ya kaburi. Tena hakuwa peke yake. Mwaka 1888 Count Teleki na Ludwig von Höhnel walifika kwenye ziwa kubwa la kaskazini wakaliita Rudolf, kwa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Na Nyanza yetu yachukua jina la malkia wa Uingereza hata leo. Desturi ya wakati ule ilikuwa kwamba mahali huanza kuwapo siku ilipoonwa na mwenye kalamu. Waendorois hawakuwa na kalamu. Walikuwa na ziwa.

6. Jina larudi, watu watoka

Sasa tumefika penye kiini cha habari. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, watu waliona vyema majina ya kigeni yaondolewe. Mwaka 1975 Ziwa Rudolf likawa Ziwa Turkana. Na Ziwa Hannington nalo likawa Bogoria. Tungetazamia kwamba siku jina la nchi lilipoandikwa tena, wenye nchi walishangilia.

Haikuwa hivyo. Mwaka 1973 serikali ilitangaza mahali pale kuwa hifadhi ya wanyama, na katika tangazo hilo ziwa lilikuwa bado laitwa Hannington. Mwaka 1974 tangazo la pili liliondoa la kwanza, likaitaja hifadhi kwa jina la Bogoria. Lakini tangu lile la kwanza Waendorois walikwisha kuambiwa wahame, ili wanyama, na hasa tandala wakubwa wenye pembe za kujipinda, wapate kuhifadhiwa na kutazamwa na watalii. Waliahidiwa mashamba na malipo. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi jamaa baada ya jamaa zilitolewa. Mwaka 1986 jamaa 170 zililipwa kila moja shilingi 3,150 za Kenya.

Basi katika muda wa mwaka mmoja jina la kienyeji liliingia kwa mlango wa mbele, na wenyeji wakatolewa kwa mlango wa nyuma. Hili ndilo jambo tulilotaka msomaji alipime. Twafundishwa kwamba kurudisha majina ya asili ni kurudisha heshima, na ni kweli. Lakini jina lililorudi bila watu wake ni kama kibao cha dukani kinachoonyesha jina la baba, na ndani wanauza wengine.

Wafugaji wale walijikuta katika nchi kavu zaidi, mbali na chumvi ya kulamba, na kwa maelezo yao mifugo mingi ilikufa. Kwenda ziwani kuomba kukawa jambo la kutafutiwa ruhusa. Mgeni alilipa kiingilio akachemsha mayai. Mjukuu wa Dorios alisimama nje ya lango.

7. Shauri la jina la watu

Waendorois walijaribu kwanza katika mahakama ya nchi yao, wasifanikiwe. Kisha, mwaka 2003, shauri lao lilifikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Banjul, nchini Gambia.

Kwa wapendao habari za lugha, yako katika shauri hilo maneno ya kufikiriwa sana. Moja ya hoja za serikali ilikuwa kwamba Waendorois si watu mbali. Ni sehemu tu ya Watugen, na kwa hiyo hawawezi kudai kwa jina lao. Ikawa lazima Tume iulize: watu huwa watu kwa nini? Ni kwa lugha? Ni kwa orodha ya serikali? Nayo ikajibu kwamba Waendorois ni watu mbali, kwa sababu wana mapokeo yao, imani yao, na historia yao iliyofungamana na ziwa lile na nchi iliyolizunguka, tena wenyewe hujitambua hivyo. Yaani, jina lao na jina la ziwa vilithibitishana.

Hukumu ilitangazwa mwezi wa Februari 2010. Tume ilisema kwamba Kenya ilivunja haki zao za dini, za mali, za utamaduni, za matumizi ya utajiri wa nchi yao, na za maendeleo. Iliagiza watambuliwe kuwa wenye nchi ile na warudishiwe, waruhusiwe bila kizuizi kufika ziwani kwa ibada na kwa malisho, walipwe fidia, na wapate sehemu yao katika mapato. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha hapa Tanzania, iliamua vivyo hivyo kwa Waogiek wa msitu wa Mau. Basi njia iliyofyekwa na watu wa maji moto imepitwa na wengine.

Lakini hukumu ni neno, na nchi ni udongo. Mwaka 2014 serikali iliunda kamati ya kuitazama hukumu hiyo. Miaka imepita, na urudishaji wa nchi yenyewe haujatimizwa. Mwaka 2011 ziwa hili pamoja na Nakuru na Elementaita yaliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Huo ni utukufu mkubwa. Hata hivyo Tume ilisikitika kwamba Waendorois hawakushirikishwa ipasavyo katika jambo hilo. Kitu kimeitwa urithi wa dunia nzima, na warithi wa karibu hawakuulizwa.

8. Utajiri uliomo majini

Asiyejua atadhani kwamba katika maji ya magadi na ya kutokota hapana kinachoishi. Kumbe zile rangi za kingo tulizozitaja ni makundi ya vijidudu visivyoonekana kwa jicho, vilivyozoea joto na ukali ambao ungeua kiumbe kingine. Kwa sababu hiyo vimeng’enya vyao havidhuriki upesi katika maji moto yenye sabuni. Katika miaka ya 1990 wajuzi wa ng’ambo walichukua vijidudu kutoka maziwa ya magadi ya Kenya, na viwanda vikapata humo dawa za kulainishia nguo za jinzi na za kufulia. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilidai hadharani kwamba mapato yake yagawanywe kwa haki.

Pia ziwa lenyewe halikutulia. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana. Huko Bogoria yalifunika barabara na majengo ya langoni, na chemchemi nyingi za Loburu zilizokuwa ukingoni sasa ziko chini ya maji. Mahali pengine mtu huona povu likipanda katikati ya ziwa, akajua chungu kingali kikichemka chini. Yule mzee alituonyesha kwa fimbo yake, akitaja kila moja ilipokuwa, kama mtu ataje wafu wa mji wake. Ramani ya mgeni haina tena maana mahali hapo. Anayejua kilicho chini ya maji ni yule aliyekijua kabla.

9. Na sisi?

Tulirudi Musoma tukiwa na swali la mzee mfukoni: “Wenyewe huyaitaje?”

Sisi watu wa Mara tusijione tuko mbali na mambo haya. Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waishenyi wanalo neno erisambwa, na kwa wingi emisambwa. Maana yake ni roho za nchi, na pia mahali zinapokaa, penye chemchemi, mwamba, mlima au mti mkubwa, ambapo wazee hutengeneza uhusiano wa watu na nchi yao. Mahali pengine pa namna hiyo pamo ndani ya mpaka wa hifadhi ya Serengeti, iliyofanywa mwaka 1951. Waishenyi husimulia asili yao kuwa Nyeberekera, napo ni ndani ya hifadhi. Hatusemi hifadhi ni mbaya. Wanyama wale ni fahari yetu, na bila ulinzi wangalikwisha. Twasema kwamba mtu aweza kumlinda nyumbu bila kumsahau mwenye kaburi.

Na yale maji ya Majimoto, tuliyoyataja kwa fahari, wajuzi wa miamba walikwisha kupima hewa itokayo ndani yake, wakakuta heliamu. Hewa hiyo hutumika katika mashine za hospitali na katika viwanda, nayo ina bei kubwa. Huko Rukwa visima vya kuitafuta vimekwisha kuchimbwa. Haitakuwa ajabu siku moja wageni wenye vyombo wakafika Ungoreme. Watauliza njia ya Majimoto, na kila mtu ataweza kuwaonyesha. Lakini wakiuliza maji haya ni ya nani, yalifanyiwa nini, ni ukoo gani ulioyatunza, na wazee waliyaitaje kabla msafiri hajayaita kwa habari ya kidole chake, nani atajibu?

Mjita husema amanji, Mkurya husema amanche, Mswahili husema maji; mzizi ni mmoja, kila kinywa kimeutamka kwa haki yake. Basi majina ya chemchemi zetu yaandikwe wakati wazee wangali kivulini, kila jina na ukoo wake, na habari iliyolizaa. Vijana wa shule waweza kuifanya kazi hiyo kwa daftari na kalamu, ikiwa watakaa kitako na kusikiliza. Waendorois walishinda shauri lao kwa sababu walipoulizwa “Ninyi ni nani, na ziwa hili ni nini kwenu?” walikuwa na la kusema, nao walilisema wote kwa namna moja. Sisi tuliulizwa swali dogo kuliko hilo, kivulini, na mzee asiyetudai kitu, tukanyamaza.